Habari za Mabati Yetu: Kutoka Tembe hadi Risiti

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu, wenzangu wamenipa mimi katibu kazi ya kuandika historia ya mabati. Mwenyekiti ameshaandika habari za hisa na mikopo, na mweka hazina ameandika za mahesabu. Mimi nimeachiwa paa. Nilicheka kwanza, kisha nikaenda kufungua lile sanduku letu la kufuli tatu nikatoa bahasha ya risiti, nikaona kumbe humo ndimo ilimo historia yetu zaidi ya mahali pengine popote.

Basi nianze mbali kidogo. Sisi wa huku Dodoma mama zetu na bibi zetu walikaa kwenye tembe. Watoto wa siku hizi wanaiona tembe kwenye picha tu, kwa hiyo niieleze. Kuta zake ni za miti na udongo, na paa lake ni bapa. Juu ya boriti hupangwa fito, kisha majani, kisha udongo unaoshindiliwa. Ni nyumba ya akili sana kwa nchi yenye jua kali na upepo kama hii yetu. Mchana ndani kuna ubaridi, usiku kuna joto. Mvua yetu nayo ni chache, kwa wastani milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili.

Lakini mvua hiyo chache ikija huja kwa hasira. Udongo wa paa ukilowa huwa mzito, boriti iliyoliwa na mchwa hukatika, na familia huamka usiku na sufuria mikononi kukinga matone ya tope. Na kila mwaka kabla ya masika paa lilitaka kukandikwa upya. Nani alichota maji ya kukandika? Nani alibeba udongo? Mnajua wenyewe.

Bati lenyewe lilikuja na reli. Wazungu walikuwa wamelijua zamani: Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829, na Mfaransa Stanislas Sorel akapata yake mwaka 1837 ya kuchovya chuma kwenye zinki ili kisipate kutu. Migongo ile si urembo. Bamba jembamba likikunjwa vile hupata nguvu ya kubeba mzigo ambayo likiwa limenyooka halina. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na shehena nzito zikapata njia ya kufika bara. Mtu wa kawaida aliendelea kuliona bati kwa mbali, kwenye majengo ya serikali, misheni na maduka.

Baada ya Uhuru tuliambiwa tujenge nyumba bora. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilihamisha watu wengi wa mkoa huu kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika kwenda vijijini, na tembe nyingi zikaachwa nyuma. Kiwanda cha mabati nchini kilikuwepo tayari, maana ALAF ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960. Lakini kiwanda kuwepo ni jambo moja, na bati kukufikia ni jambo jingine. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni, maduka yakawa matupu, na vifaa vya ujenzi vikawa vya mgawo. Marehemu mama yangu aliuza mbuzi sita, akaweka fedha ndani ya kibuyu, akasubiri kibali cha mabati ya RTC. Alisubiri misimu miwili. Kibali kilipotoka kilikuwa cha mabati kumi, nyumba yake inataka ishirini na nne! Alifunika chumba kimoja na kingine akaacha cha udongo, na nyumba ile tuliiita "nusu kwa nusu" mpaka alipofariki. Wakati ule hakuna aliyeuliza ninunue wapi. Uliuliza tu, "Yamekuja?"

Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, bidhaa zilianza kurudi madukani. Leo taabu imegeuka. Hasa baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, duka la vifaa vya ujenzi liko kila kona. Kuna mabati ya migongo midogo na mipana, ya rangi, ya msauzi, ya aluzinki, na kila muuzaji anaapa kwamba lake ndilo la kiwandani.

Sasa nifike kwetu. Tulianza mwaka 2014 tukiwa ishirini na watano, kwa upatu wa kawaida, halafu tukaingia kwenye hisa. Lengo tuliloliandika ukurasa wa kwanza wa daftari ni "kila mwanachama alale chini ya bati". Hatukuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Wenzetu wa Kenya ya kati, miaka ya 1960 na 1970, walikuwa na vikundi vilivyoitwa kabisa vya mabati, akina mama wakichangishana na kuezekana nyumba kwa zamu.

Mwanachama wetu wa kwanza kupewa mkopo wa mabati alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Mwaka 2015 alinunua mabati arobaini katika duka moja la barabarani, karibu na kijiji. Sitalitaja. Bei ilikuwa nzuri, na mwenye duka alimpa usafiri wa bure. Kwenye bati la juu kabisa kulikuwa kumeandikwa kwa chaki ya bluu, "G30". Tulikwenda kumpigia vigelegele.

Februari iliyofuata ulikuja upepo wa mvua saa kumi jioni. Upande mzima wa paa uliondoka. Misumari ilibaki kwenye mbao, mabati yakachanika kama karatasi kwenye misumari yenyewe na kutua shambani kwa jirani. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini mama yule alikuwa na deni letu la miezi saba mbele, na watoto wake wamelowa.

Kikao kilichofuata sitakisahau. Wengine walisema deni ni deni, upepo si kazi ya kikundi. Wengine walisema tumsamehe. Na wengine, nami nikiwamo, tulisema tusitoe mkopo mwingine wa bati hata mmoja mpaka tujue tumeuziwa nini. Tulichaguliwa watatu kwenda mjini kuchunguza, tukachukua kipande cha lile bati lililochanika, tukakitia kwenye kikapu.

Fundi vyuma mmoja alikibana kwa kipimo chake, akatuonyesha. Hapo ndipo tulipojua habari za geji. Jamani, namba ikipanda bati linakuwa jembamba! Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Tuliouziwa kwa jina la 30 lilikuwa jembamba hata kuliko 32. Fundi akasema msiulize geji, ulizeni milimita, maana geji ya chaki haina mwenyewe. Akatufundisha na hesabu ya mizani: bamba la chuma la unene wa milimita 0.3 lina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa kila mita ya mraba kabla ya kukunjwa, na la 0.25 ni kama kilo 2 tu. Kwa hiyo mabati mawili ya urefu na upana ule ule yakipishana kilo moja, mmoja wa wauzaji anakuuzia hewa.

Tulizunguka maduka manne na ombi moja: tupimie bati kwenye mizani. La kwanza walitucheka. La pili walisema mizani mbovu, na tunaiona inapima misumari. La tatu walikubali, uzito ukawa pungufu. La nne alikuwa wakala wa kiwanda. Bati lake lilikuwa limepigwa chapa ya kiwanda na unene, tena kwa wino kwenye kila bati, siyo chaki, na uzito ukakubaliana na maandishi. Bei yake ilikuwa juu, hakuwa na mkopo, na usafiri juu yetu.

Tuliporudi ndipo vita ilipoanza. Duka la barabarani linakopesha, huyu anataka fedha taslimu. Kwa bei yake, waliokuwa wapate bati mwaka ule sita wangebaki wanne. Tulipiga kura: kumi na nne kwa wakala, kumi na mmoja dhidi yetu. Wanne kati ya walioshindwa walichukua hisa zao wakaondoka, na mmoja wao ni wifi yangu. Tunasalimiana, lakini kikundini hakurudi tena. Alikuwa kwenye foleni, wa tano. Mpaka leo sioni kama tungefanya vingine, ila sijifanyi kwamba haikumgharimu mtu.

Niseme na kweli nyingine ambayo kwenye kikao hatukupenda kuisikia. Kosa halikuwa la duka peke yake. Fundi wetu alipigilia misumari bondeni mwa migongo badala ya juu ya mgongo, akaruka papi moja kubana mbao, na ukingoni akaweka misumari haba. Bati nene lingechelewa kuondoka, lakini kwa ufundi ule lingeondoka. Tangu hapo mkopo wa bati una mbao, misumari yenye mpira, kofia na fundi ndani yake.

Jambo la risiti lilikuja baadaye. Mwaka 2018 mume wa mwanachama mmoja alitaka kuuza nyumba, akasema bati ni lake maana risiti ina jina lake. Lakini fedha ilikuwa ya mkewe! Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, ila ukifika kwa mtendaji bila karatasi unabaki kusimulia. Tangu mwaka ule risiti ya mashine inatoka na jina la mwanachama, nakala inakaa sandukuni. Akina baba walinuna kidogo.

Tulinunua kwa pamoja, lori moja kwa nyumba nne, na nauli ikagawanyika. Bei ya wakala ikawa siyo ya kutisha tena. Na maji! Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 1,000, yaani ndoo hamsini ambazo hakuna kichwa kilichozibeba.

Yule mjane hatukumsamehe deni, tulilisimamisha mwaka mmoja bila riba, akaezekwa upya 2017 pamoja na wale wanne. Mabati yake ya zamani alizungushia banda la kuku. Yameota kutu yote, lakini lile moja lililokuwa juu amelielekeza ndani, na ukiinama kuokota mayai utaisoma ile chaki ya bluu, G30.