Kwinini na Sauti ya Sikio

Pale Viwanja Sitini, Ifakara, itaje kwinini mbele ya watu wazima. Wengi watakuambia masikio yalivuma. Bonde la Kilombero limeishi na malaria vizazi na vizazi, na dripu ya kwinini ilikuwa tegemeo la mgonjwa aliyezidiwa. Wapo wanaosema dawa ililiamsha sikio, likaanza kulia lenyewe. Sikio linaweza kutoa sauti?

Nilianza kwa kutoamini. Maelezo yaliyotawala zamani yalilifanya sikio kuwa la kupokea tu. Yalitegemea sana masikio ya maiti, na utafiti huo ulipata tuzo ya Nobel mwaka 1961. Lakini mwaka 1948, huko Cambridge, mwanafizikia kijana alikwisha kudai kwamba koklea, ile sehemu ya ndani iliyojizungusha kama konokono, hukuza mitetemo kwa nguvu zake yenyewe. Nguvu hizo zikizidi, alisema, sikio litalia. Hoja yake iliachwa kando. Lakini sikio lililokufa litatuambiaje kazi ya lililo hai?

Jibu lilichukua miaka 30. Mwaka 1978, London, mtafiti alitia maikrofoni ndogo sikioni, akatoa mlio mfupi. Milisekunde chache baadaye mwangwi ukarudi kutoka ndani. Masikio mengine hulia bila kuchokozwa, kwa sauti hafifu ambayo kwa kawaida mwenyewe haisikii. Zinazofanya kazi hiyo ni seli za nywele za nje, kama 12,000 katika kila sikio, zinazorefuka na kufupika. Basi simulizi ya Viwanja Sitini ni sahihi?

Majaribio ya Sweden ya miaka ya 1990 yanaikanusha. Watu wenye afya walipewa kwinini. Sauti za masikio yao zikafifia na usikivu ukashuka kwa muda. Mvumo aliousikia mgonjwa ulikuwa wa kweli, ila chanzo chake kinatafutwa kwenye neva na ubongo. Sasa, kama dawa hufifisha sauti ile, kwa nini isiwe kipimo?

Imeshakuwa. Hutumiwa kupima usikivu wa watoto wachanga wakiwa usingizini, na Dar es Salaam watafiti wameitumia kwa watu wanaoishi na VVU. Madhara ya kwinini kwa kawaida hupita. Ya baadhi ya sindano za kifua kikuu, kama streptomaisini, yanaweza kubaki maisha yote. Waliochomwa sindano hizo katika bonde hili, masikio yao yatapimwa lini?