Breki Langas: Vile Mgeni wa 64 Anaeza Shiba Bila Kuchoma Doh

Umeamka Eldoret, ama Sisibo vile wenyeji huita, na baridi inakuuma masikio? Usikimbilie hoteli za tao. Panda mat ya Langas.

Anza na kibanda. Chai ya hapa ni maziwa na majani yaliyochemka pamoja. Iteremshe na mandazi moto, ama chapo madondo kama siku yako ni ndefu. Wahi mapema, wasee wa mjengo wakishapita, sufuria huwa tupu.

Kahawa je? Kenya hulima kahawa inayosifika dunia nzima, lakini nyingi huuzwa nje, so mtaani chai ndiyo hutawala. Ukiona msee ana birika juu ya jiko la makaa, simama. Hiyo ni kahawa tungu, bila maziwa, na mara nyingi ina tangawizi.

Usiondoke bila mursik, maziwa lala ya Wakalenjin. Hukaa ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa na makaa ya mti wa senetwet. Ndiyo maana ni ya kijivu. Wanariadha wakirudi na medali hupokelewa nayo. Lakini nunua kwa mtu wenyeji wanamwamini: maziwa yasiyochemshwa poa yataharibu safari yako.

Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, la tano Kenya. Mikahawa ya kishua itaongezeka, sawa. Lakini mama wa kibanda alilisha hii tao kabla iitwe jiji. Usimkope. Lipa, rudisha kikombe, sema asante.