Rejeta na kopo la jangwani

Rejeta ikichemka mbali na kisima, kila tone lina thamani. Miaka ya 1920 Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Misri, alivuka mchanga kwa magari ya Ford. Mvuke ulipotea hewani. Akaunganisha bomba kutoka rejeta hadi kwenye kopo lenye maji: mvuke ukageuka maji humo, na injini ilipopoa yakavutwa kurudi. Kikosi cha jangwani alichokiunda 1940 kilitumia kopo hilohilo. Chupa ya plastiki kando ya rejeta ya pikapu yako hufanya kazi hiyo. Vijiti vya njia ya shamba vikitoboa mpira wake, rejeta hunyonya hewa badala ya maji. Ukague kabla ya kubeba mahindi, injini ikiwa baridi.