Herufi Moja na Mtungi wa Maji

Kuna neno la Kimakonde ambalo madaktari wa Brazil, India na Italia wamelitamka mara nyingi, wengi wao bila kujua limetoka wapi: chikungunya. Maana yake ni kitu kama "kile kinachokunja", na kinachokunjwa ni wewe. Homa inapanda ghafla, viungo vinakaza, unatembea umeinama kama mzee wa miaka 90. Homa huisha baada ya siku chache. Maumivu ya viungo yanaweza kukaa miezi, hata miaka.

Jina lilitoka uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ugonjwa ulipolipuka huko 1952. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandika 1955 wakitumia neno la wenyeji. Sasa shika jambo moja: uwanda ule uko juu na maji ni shida. Yalitekwa mabondeni, yakabebwa kichwani, yakawekwa nyumbani. Na mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hana haja na mtaro mchafu. Anapenda maji masafi yaliyotulia, kwenye chombo chako.

Kupewa jina 1952 si kuzaliwa 1952. Daktari James Christie, aliyeishi Zanzibar, aliandika kuhusu homa ya viungo iliyopita kisiwani karibu 1870. Watu waliiita kidinga pepo, na wazee walikumbuka wameiona ujanani. Christie aliamini "dengue" imetokana na jina hilo, na Tanzania bado wanaiita dengi kidingapopo. Lakini mwaka wa 1971 Donald Carey alipitia maelezo yale ya kale akaona yanafanana zaidi na chikungunya. Yaani huenda dengi inatumia jina la jirani yake.

Jeni ndizo zinatusaidia kupanga ukoo huu. Virusi vya chikungunya vina maandishi ya kijeni ya herufi kama 11,800 hivi, na kila vikijinakili vinakosea hapa na pale. Ukifuata makosa hayo unapata matawi makuu matatu: la Afrika Magharibi, la Asia, na la Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Hilo la mwisho ndilo letu.

Mwaka wa 2004 tawi letu lilitua Lamu. Kulikuwa na ukame na joto. Familia ziliweka maji ndani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na watafiti baadaye waliona kwamba hali hiyo huenda ndiyo iliyowalea mbu. Walipopima damu, walikadiria asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa. Robo tatu ya mji, jamani! Kabla mwaka haujaisha, Mombasa nayo ilikuwa inaugua. Mapema 2005 ikawa zamu ya Komoro, kisha Réunion, kisiwa cha Ufaransa, ambako watu karibu 266,000 waliugua, theluthi moja ya wakazi.

Réunion ndiko herufi moja ilibadilika. Kisiwa kile kilikuwa na mbu mwingine kwa wingi, Aedes albopictus. Mwanzoni virusi vilikuwa vilevile vya kawaida. Miezi michache baadaye, vingi vilikuwa na badiliko moja dogo kwenye protini ya ganda lao, lililovisaidia kukaa vizuri ndani ya mbu huyo. Badiliko hilohilo lilijitokeza lenyewe tena Kerala, India. Msafiri mmoja kutoka huko akavifikisha kijiji cha Castiglione di Cervia, Italia, mwaka wa 2007, na watu kama 200 wakaugua.

Hapo ndipo dunia iliamka. Makala za kisayansi zilimiminika, maana albopictus anaishi Ulaya na Marekani pia. Lamu ikabaki sentensi ya kwanza kwenye utangulizi, mahali mlipuko "ulipoanzia", halafu msomaji anavuka kwenda Réunion.

Lakini virusi havijatusahau. Mwaka wa 2016 vililipuka Mandera, mji mwingine wa maji ya kununua na kuweka. Vilivyosomwa jeni huko vilikuwa na mabadiliko mawili yanayohusishwa na kumzoea Aedes aegypti, mbu wa kawaida wa majumba yetu. Mwishoni mwa 2017 Mombasa ikakunjwa tena.

Jeni zinatuonyesha njia: Lamu, Mombasa, Komoro, Réunion. Hazituambii kwa nini mlango ulikuwa wazi. Hilo linasomwa kwenye bomba linalotoa maji mara moja kwa wiki, na kwenye mitungi iliyopangwa jikoni kwa sababu hakuna ajuaye yatarudi lini. Tunaambiwa tufunike mitungi, na ni kweli, funika. Ila kutoka Makonde 1952 hadi Mandera 2016, mtungi umekuwa pale kwa sababu maji hayakuwepo.