Kijiti cha Siti, Kijiti cha Bi Kidude

Kijiti aliua mwanamke mgeni Unguja, akavuka bahari kukimbilia Bara, na mkono wa sheria haukumfika. Waliofungwa ni mashahidi. Mji mzima ulijua na mji mzima ulinung'unika, lakini aliyeyatoa hayo hadharani ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, kwa wimbo uliobeba jina la muuaji mwenyewe. Karibu karne moja imepita na wimbo huo bado unaimbwa. Katika baraza za Wazanzibari wa Maskati, baina ya kahawa na halwa, bado unazua ubishi. Wapo wanaoapa kwamba baada ya Siti hakuna. Wengine, nami nimo, tunashikilia kuwa wimbo wa Kijiti ulimpata mwenyewe siku ulipotua kinywani mwa Bi Kidude.

Mwaka 1928 Siti alisafiri na wapiga ala wake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingiza sauti yake kwenye sahani, na sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu pwani nzima. Ila sahani ya zama zile ilibeba dakika tatu hivi kila upande, na taarabu haikuzaliwa ikae ndani ya dakika tatu. Ukumbini ubeti mmoja hurudiwa mpaka aliyeguswa anainuka kwenda kutunza, na mwimbaji akiona noti huurudia mstari ule ule, safari hii macho yakiwa kwa anayesemwa. Bombay hakukuwa na wa kutunza wala wa kusemwa. Kulikuwa na fundi wa kampuni na saa yake. Hiki tunachokiheshimu leo kuwa ndio wimbo wa asili wa Siti ni wimbo uliopunguzwa ili uenee kwenye kipande cha sahani. Sauti imo, tena sauti ya ajabu. Hadhira haimo.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alisimulia mwenyewe kwamba nyimbo za Siti alizipata kwa kumsikiliza. Yeye alikuwa mtu wa ngoma kabla ya kuwa mtu wa udi na fidla. Alifunda wari katika unyago, akaupiga msondo mpaka uzeeni, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 hapakuwa na aliyeweza kuutaja umri wake kwa hakika. Siti alipoimba Kijiti kesi ilikuwa bado mbichi na kila msikilizaji aliwafahamu wahusika, kwa hiyo kutaja kulitosha. Bi Kidude aliimba miaka mingi baadaye, na mara nyingi mbele ya watu wa Ulaya ambao hawakumjua Kijiti wala hakimu wake wala Kiswahili chenyewe. Uzito ambao maneno yalikuwa yamekwisha kuupoteza ilimbidi autie kwenye sauti. Ndiyo maana kwake yeye ubeti hauanzi vizuri, unapasuka. Siti anatoa habari, Bi Kidude anashitaki.

Nisieleweke vibaya. Nyimbo za mahaba, zile zinazotaka pumzi ndefu na mapambo madogo madogo ya sauti, Bi Kidude hakumfikia Siti, na alipozigusa alizikwaruza. Wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe, ambao wote wawili waliuimba, hauhesabiki humo, maana ule ni wimbo wa kejeli, na kwenye kejeli bibi yule hakuwa na mpinzani.

Ubishi huu umefikaje Maskati? Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 maelfu ya Waunguja na Wapemba wenye asili ya Oman walitawanyika: Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Dubai, London. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Walirudi na vyeti vyao vya shule, na Kiswahili chao, na santuri zile zilizonusurika. Kisha zikaja kaseti. Mombasa kulikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service yaliyorekodi taarabu za harusini na kuuza nakala, na nakala hizo zilivuka kwenda Ghuba ndani ya mabegi ya wasafiri, zikanakiliwa tena huku mpaka sauti ikawa inasikika kwa mbali. Hivyo watu wa Maskati waliupata wimbo mmoja kwa vinywa vitatu vinne, wakati mwingine katika mkanda mmoja. Kulinganisha ikawa ada.

Na taarabu yenyewe ilianza kwa kurudia vya watu. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kutoka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma Mohammed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, wanachama wake waliimba Kiarabu cha Misri, na sifa ya mwimbaji ilikuwa kufanana na Cairo. Mgeni aliyetoka Nile angesikia kazi safi ya wanafunzi hodari, na asingesikia zaidi ya hapo. Kilichobadilisha mambo ni kuingizwa Kiswahili, na hapo ndipo Siti, binti wa Fumba aliyezaliwa katika familia ya watumwa, alipowapita mabwana wa klabu. Aliimba hata mbele ya Sultan Khalifa bin Harub, aliyekuwa mzaliwa wa Maskati. Sijui kama tunakumbuka mara nyingi kwamba aliyeiinua pwani nzima hakuwa mtunzi wa maghani mapya kabisa. Aliyachukua yaliyokuwapo akawapa watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge ya mji wa Unguja, wayatumie kuzungumzia mambo yao.

Bombay ile ile ilimtoa pia mwana wa Oman. Salim Rashid Suri, baharia wa mji wa Sur, alirekodi huko miaka ya 1930. Fani yake ilikuwa ile ya Ghuba iitwayo sauti (sawt), inayoimbwa kwa udi na vigoma vidogo vya mirwas huku waliokaa wakipiga makofi. Katika fani hiyo hakuna anayeuliza wimbo ni wa nani. Mashairi mengi ni ya kale, ya Yemen na Hijazi, na kila mwimbaji huyapokea kwa aliyemtangulia. Suri alitia humo ladha ya Kihindi na hata maneno ya Kiurdu, wapenda usafi wakakunja uso. Baadaye aliishi Bahrain, akawa na lebo yake ya sahani, Salimphone, kisha akarejea Oman mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufariki 1979. Nikimsikiliza naona hakuwa na koo bora kuliko Wakuwaiti wa wakati wake. Alikuwa na masikio yaliyokwenda bandari nyingi zaidi.

Kama ni masikio, Mombasa ndiko walikogombana kweli. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alijipatia jina kwa kuchukua lahani za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kiswahili, mengi yake ya ndugu yake Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Watazamaji wa sinema za Majestic na Empire kule Unguja walizijua lahani hizo, maana filamu kama Awara iliyotoka 1951 iliangaliwa na watu mpaka wakaijua kwa moyo. Hapa Maskati zinajulikana mara mbili: Mswahili anamtambua Bhalo, na muuza duka Mhindi wa Ruwi anaitambua filamu. Wapo wanaomwita Bhalo mwizi. Mimi nasema wakasikilize tena. Lahani ya filamu ilitengenezwa ibebwe na kundi kubwa la fidla na isindikize picha ya mwigizaji anayekimbia bustanini. Bhalo hakuwa na fidla hizo wala bustani. Alikuwa na kinanda cha mkono, tabla, tashkota, na shairi lenye vina na mizani lisilomruhusu kulegea. Vitu vyote vya ziada vikaanguka, likabaki jeraha. Baadhi ya lahani hizo Bombay zilikuwa nyimbo za kupitisha muda, na Mombasa zikawa nyimbo ambazo mtu aliyeachwa huzima redio asizisikie.

Zein l'Abdin, mpiga udi mkubwa kuliko wote wa pwani ya Kenya, hakukubaliana na njia hiyo. Alitaka lahani za hapa, midundo ya ngoma za Lamu na Mombasa na udi wa Kiarabu, na mashairi alipewa zaidi na Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye jina lake la ukoo ni la watawala wa zamani wa Pate na, kabla ya hapo, wa Oman. Zein na Bhalo wote wawili walisikilizwa sana Ghuba. Kwa ustadi wa chombo Zein anashinda na hilo halina mjadala. Lakini siku mtu ana lake moyoni, mkanda unaotafutwa mara nyingi ni wa Bhalo.

Leiwa ni habari nyingine, na ni ya zamani zaidi. Ngoma hii inachezwa Oman, katika Matrah, Sur na pwani ya Batina, wachezaji wakizunguka zumari na ngoma, na mojawapo ya ngoma hizo inaitwa msondo hadi leo, jina lile lile la ngoma ya Bi Kidude. Nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili ambayo wengi wanaoyaimba hawayaelewi. Hakuna sahani ya kwanza ya kulinganisha nayo, hakuna Siti wake. Nyimbo zilikuja na mabaharia na watumwa, maneno yakalika kwa vizazi, mdundo ukanenepa. Mtafiti anaweza kusikitika. Mchezaji wa Matrah akishaingia duarani hana cha kusikitikia.

Wimbo wa Malaika nitaupitia haraka kwa sababu umeandikwa sana. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wengine, akiwemo Adam Salim, wakadai utunzi, na Boney M wakaupeleka kwenye disko mwaka 1981, jambo ambalo tungeweza kuishi bila yake. Miriam Makeba ndiye aliyeuinua. Kwa Fadhili ni kijana asiye na mahari, anayelalamika huku gitaa likichezacheza. Makeba aliupunguza mwendo, na licha ya Kiswahili chake kuteleza hapa na pale, umaskini ukasikika. Wimbo wa kijana wa kiume ulifika mwisho wake kwa sauti ya mwanamke ambaye lugha hiyo haikuwa yake.

Mwaka 2020 kitukuu cha Siti, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake, Siti of Unguja, muziki ukiongozwa na Mohamed Issa Matona. Mpaka wa dakika tatu haupo tena, na udi na fidla vinapewa nafasi ambayo Bombay ilivinyima. Binti hajaribu kuikwaruza sauti ili afanane na Bi Kidude. Amerudi kwenye utulivu wa Siti, ila sasa utulivu huo una pa kukaa. Wanaompigania Siti barazani wataichukua albamu hii kuwa ushahidi wao kwamba asili ndiyo asili. Mimi naichukua kuwa ushahidi wangu, maana ni marudio nayo, na kwenye nyimbo za mahaba yameishinda sahani. Kijiti peke yake sijabadili kura.