Kiendeshi: neno moja, mizigo mitatu

Risiti aliyonionyesha mwalimu huko Mashewa ilikuwa na maneno mawili tu: "Matengenezo jumla." Kompyuta mpakato yake ilikuwa imeshasafiri mara mbili kwenda Korogwe mjini na kurudi. Safari ya kwanza alibadilishiwa RAM. Safari ya pili alipigiwa windo upya, yaani Windows ilifutwa na kuwekwa tena, akapoteza na picha za familia ambazo hakuwa amezinakili popote. Kila aliporudi nyumbani mashine ilimpa siku moja ya amani, kisha ikaanza tena.

"Shikamoo, mwalimu. Inafanyaje hasa?"

"Marahaba. Inastaki tu, mwanangu. Naandika, mara inastaki."

Hilo "inastaki" ndilo lililonifanya niandike makala haya, pamoja na neno jingine alilolisikia kwa fundi na kulileta nyumbani bila maelezo: draiva.

Kustaki linabeba mambo mawili ambayo Kiswahili kina uwezo wa kuyatenganisha vizuri. Programu moja ikikataa kuitika huku nyingine zikiendelea, imekwama, kama gari kwenye matope: barabara ipo, magari mengine yanapita. Lakini mshale wa kipanya ukisimama, saa ya kwenye kioo ikisimama, sauti ikirudia kipande kilekile, na taa ya kitufe cha Caps Lock isiwake wala kuzimika unapokibonyeza, hapo hakuna kilichokwama peke yake. Mfumo mzima umeganda, kama maji yaliyogeuka barafu. Ukifika hapo huna la kufanya ila kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Nilipomuuliza mwalimu kama mshale hutembea inapostaki, alijibu bila kusita kwamba hata taa haisikii. Basi ilikuwa inaganda. Jibu hilo peke yake lingetosha kumfanya fundi aache kushuku programu ya kuandikia na kutazama chini zaidi, kwenye kiini cha mfumo.

Chini huko ndiko anakokaa draiva. Mtu anayelisikia neno hili kwa mara ya kwanza hufikiria dereva, mtu wa kwenye usukani anayelipeleka gari atakako. Kwa kompyuta mfano huo unapotosha, kwa sababu programu hii haina safari yake yenyewe. Haiamui chochote. Mimi ningeanza kuieleza kwa mshenga. Mfumo wa kompyuta na kipande cha waifai ni nyumba mbili zisizojuana. Mfumo unajua kusema "peleka barua hii". Kipande cha waifai, kilichoundwa kiwandani na watu wengine kabisa, kinaelewa namba za kuandikwa kwenye vijisanduku vyake vya ndani, kwa mpangilio ambao kila aina ya chipu ina wake. Draiva huchukua maneno ya upande huu, akayafikisha upande ule kwa adabu ya huko, akarudi na majibu.

Na hubisha hodi. Barua inapoingia kutoka hewani, kipande cha waifai hakisubiri kuulizwa. Hupiga hodi kwenye mlango wa kichakato, nacho huacha kilichokuwa mkononi, hata kama ni katikati ya sentensi ya mwalimu, kikamwita mshenga aje apokee. Haya hutokea mara nyingi mno katika sekunde moja na mtumiaji hahisi kitu. Ubaya huanza adabu inapovunjika. Kipande cha waifai kikiendelea kupiga hodi bila kukoma kwa sababu mshenga hakukijulisha kwamba ameshasikia, mwenye nyumba hushinda mlangoni na chungu kinaungua jikoni. Au mshenga aingie chumba cha mawasiliano, apige komeo kwa ndani ili asiingiliwe, kisha asubiri jibu kutoka kwa kipande cha waifai ambacho kimelala. Wote wenye haja na chumba kile wanasimama nje. Anayewasubiri hao naye anasimama. Foleni inajipanga mpaka kwa anayechora mshale kwenye kioo, na hapo ndipo mwalimu anaposema inastaki.

Mtu atauliza kwa nini mshenga mmoja aweze kuisimamisha nyumba nzima, ilhali kivinjari kikiharibika hufungwa tu na maisha yakaendelea. Ni suala la mamlaka. Vichakato vya aina ya Intel vinapanga programu kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 3. Programu zetu za kawaida hukaa daraja la 3, zikilindwa zisiharibu za wenzao. Kiini cha mfumo hukaa daraja la 0, ambako hakuna wa kukizuia, na katika Windows na Linux draiva nyingi, ya waifai ikiwemo, huingizwa humohumo. Dunia ililipata somo hili tarehe 19 Julai 2024. Sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilisomwa na draiva yake iliyokuwa ndani ya kiini cha Windows, na mashine zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zikaanguka. Ndege zilisimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Microsoft ilieleza kuwa idadi hiyo haikufika hata asilimia moja ya kompyuta zote za Windows.

Kwenye baraza ya Mashewa hatukuhitaji vifaa vya maabara. Tulizima waifai, mwalimu akafanya kazi zake tangu asubuhi hadi jioni, mashine haikuganda hata mara moja. Kesho yake tuliiwasha na kuiunganisha na hotspoti ya simu yake, ikaganda kabla ya chai ya saa nne. Tukafanya jaribio la tatu, ambalo ningependa kila fundi alijue kwa sababu halina gharama: simu ileile, bando lilelile, lakini safari hii intaneti ikapita kwenye waya wa USB. Njia ya waya inatumia draiva nyingine kabisa. Mchana mzima, kimya. Kwa hiyo mtandao wa simu haukuwa na kosa, RAM haikuwa na kosa, na picha za familia zilipotea bure.

Sasa nikaelewa pia kwa nini Korogwe mashine ilionekana nzima. Dukani ilijaribiwa bila waifai, ikaonekana imepona. Na kupiga windo hakukusaidia kwa sababu Windows mpya ilipojikuta na chipu ileile, ilimwita mshenga yuleyule kutoka kwenye akiba yake. Nyumba ilipakwa rangi upya, mpeleka habari hakubadilika.

Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows tulikuta alama ya Kernel-Power namba 41, imejirudia kila siku ya tatizo. Wengi huisoma kama jina la ugonjwa, wakanunua chaja mpya. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, na ni kweli, kwa sababu mwalimu mwenyewe aliizima kwa kushikilia kitufe. Cha kutazamwa ni mistari iliyoandikwa dakika chache kabla yake, na kwetu sisi ilikuwa malalamiko ya kadi ya mtandao kutoitika. Anayetumia Linux atapata habari kama hizo kwa amri ya journalctl -b -1, inayofungua kumbukumbu za uwashaji uliotangulia.

Tiba zilikuwa mbili. Tuliondoa alama ya tiki kwenye ruhusa ya kuzima kadi ili kuokoa umeme, kwa maana kadi inayolazwa kila mara na kuamshwa ghafla ndiyo mara nyingi humwacha mshenga akisubiri asiyeamka. Kisha kwa waya uleule wa simu tukapakua draiva kutoka tovuti ya watengenezaji wa kompyuta yenyewe, kwa namba halisi ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, tukaiweka badala ya ile iliyojiweka. Tungeona inaganda hata waifai ikiwa imezimwa, ningerudi kwenye RAM, joto au diski. Draiva si mshtakiwa wa kila kesi.

Nimekuwa nikisema draiva makusudi, kwa sababu neno la Kiswahili lililopo lina tatizo ambalo lazima tulikabili. Neno hilo ni kiendeshi, na limeundwa kihalali kabisa: -enda, -endesha, kiambishi ki- cha zana, na irabu -i ya mwisho. Shida ni kwamba shina hilohilo tumelitwika mizigo mitatu. Operating system ya Waingereza tumeiita mfumo endeshi. Diski ngumu na hata flashi nimezikuta zikiitwa viendeshi, kwa sababu Kiingereza kinaziita drive. Na draiva nayo ni kiendeshi. Kwa Kiingereza drive na driver hutofautiana kwa herufi moja, na sisi tulipotafsiri tuliifuta hata hiyo moja. Mwandikie mwalimu "badilisha kiendeshi", naye atanunua diski.

Mshenga basi lisishike nafasi hiyo? Nililipenda, lakini halifai kuwa istilahi. Kazi ya mshenga huisha ndoa ikifungwa, na hii ya draiva haiishi mpaka mashine izimwe. Mkalimani nalo tuliache. Waandishi wa programu watalihitaji kwa programu inayosoma msimbo mstari kwa mstari. Pasiwaya, linalopendekezwa kwa waifai, nililijaribu pale barazani, na mwalimu akaelewa nazungumzia waya wa pasi ya nguo. Waifai limeshakaa midomoni, lina irabu zake, tuliache lilivyo.

Tuna mfano wa kutufaa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kutoka menyu hadi maonyo. Kazi ile ilionyesha kwamba istilahi hupimwa kwenye kioo, mbele ya mtu mwenye haraka, ambako maneno mawili yanayofanana huleta hasara. BAKITA, lililoanzishwa mwaka 1967 kusimamia lugha hii, lina uwezo wa kulimaliza jambo hili kwa uamuzi mmoja.

Hukumu yangu ni kwamba diski iitwe diski, flashi iitwe flashi, na kiendeshi libaki jina la draiva peke yake, likifuatwa daima na kifaa linachokihudumia: kiendeshi cha waifai, kiendeshi cha sauti, kiendeshi cha printa. Nanyi mafundi wa Korogwe, Handeni na kwingineko, mwandikieni mteja kwenye risiti kilichofanyika, "kiendeshi cha waifai kimebadilishwa", pamoja na tarehe na namba ya toleo, ili mashine ikiganda tena, fundi atakayeipokea ajue pa kuanzia.