Mkwakwani ni ya Nani? Viwanja vya Mpira, Chama na Umma

Kigombe ni kijiji cha wavuvi na mkonge, kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Pangani. Mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na habari ile ilifika vijijini kwa redio kabla ya magazeti. Waliokuwa na nauli walikuwa wakienda mjini kuwashangilia Wagosi wa Kaya, tuliobaki tulisimuliwa. Hivi karibuni nilikaa barazani na mmoja wa wazee waliokuwa wakienda. Tulizungumza habari za samaki, kisha mpira, kisha akaniuliza: “Mwanangu, wewe msomi, hebu niambie. Mkwakwani ni ya nani?”

Nikamjibu kwamba ni ya Chama Cha Mapinduzi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Hilo nalijua. Nakuuliza ilikuwaje ikawa yao.”

Makala haya ni jaribio la kumjibu mzee yule.

Tuanze na hali ilivyo. Coastal Union, klabu iliyoasisiwa mwaka 1948, haina uwanja wake wa ligi. Hucheza Mkwakwani ikiwa mpangaji. African Sports, ndugu na hasimu wake wa jadi, nayo iko katika hali hiyo hiyo. Mkwakwani si peke yake. Sheikh Amri Abeid wa Arusha, Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Jamhuri wa Morogoro, Samora wa Iringa, Majimaji wa Songea, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, Kambarage wa Shinyanga: vyote vimo katika orodha ya mali za chama. Klabu ya mkoani inapotaka kucheza nyumbani, mwenye nyumba ni chama cha siasa.

Msomaji ayatazame majina hayo kwa makini. Majimaji ni vita ya mwaka 1905 hadi 1907, ambayo wazee wetu walipigana kabla ya chama chochote kuzaliwa. Jamhuri ni jamhuri. Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa mshairi na Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mkwakwani ni jina la mahali tu, penye mti wa mkwakwa. Waliotoa majina haya walikuwa wakifikiria taifa, historia au mtaa. Ni machache, kama Kirumba, yaliyotanguliziwa herufi za chama. Jina si hati ya kumiliki ardhi, nakubali. Lakini jina ni ushahidi wa namna watu walivyokiona kitu siku walipokipa jina.

Na walikionaje? Hapa ndipo historia inapotakiwa kusema. Kuanzia mwaka 1962 na kwa miaka mingi baadaye, Mkuu wa Mkoa ndiye aliyekuwa pia Katibu wa Chama wa mkoa. Mwaka 1965 Tanzania ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1975 Katiba ilitamka kwamba shughuli zote za vyombo vya dola zitaendeshwa chini ya uongozi wa chama, na mwaka 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM. Chama kilipata ruzuku kutoka hazina ya serikali na kilikuwa na matawi sehemu za kazi. Basi kiongozi wa mkoa alipowaita wananchi wachangie ujenzi wa uwanja, au wajitolee nguvu zao, alikuwa amevaa kofia ipi? Mchangiaji hakuuliza. Hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa kofia zote mbili zilikuwa juu ya kichwa kimoja.

Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba viwanja hivi vilijengwa na chama hasemi uongo, na anayesema vilijengwa na wananchi hasemi uongo pia. Wakati ule yalikuwa maneno mawili ya jambo moja. Tatizo lilizaliwa siku maneno hayo yalipotengana.

Siku hiyo ina tarehe. Tarehe 1 Julai 1992 mfumo wa vyama vingi ulianza rasmi, baada ya kazi ya Tume ya Jaji Francis Nyalali na kutungwa kwa Sheria ya Vyama vya Siasa. Chama kikawa kimoja miongoni mwa vyama vingine. Kiliondoka jeshini na katika utumishi wa umma. Hata hivyo hapakufanyika hesabu ya wazi ya mali: hiki kilikuwa cha chama kwa ada za wanachama wake, hiki kilikuwa cha umma kwa michango ya wote. Viwanja vilibaki mikononi mwa yule aliyekuwa amevishika.

Linganisha na jambo jingine lililotokea katika muongo huo huo, hapa hapa mkoani Tanga. Mashamba mengi ya mkonge yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yalirudishwa kwa watu binafsi miaka ya 1990. Mtu anaweza kuulaumu ubinafsishaji ule, na mimi ni miongoni mwa wanaoulaumu. Lakini palikuwa na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, palikuwa na tathmini, palikuwa na mnunuzi na bei ya kubishania. Kwa viwanja vya mpira hapakuwa na tume wala bei. Mkonge ulipata mjadala, mpira haukupata.

Nini basi kinachogombaniwa leo? Juu juu ni kodi ya pango, mgawo wa mapato ya milangoni, mabango ya matangazo na gharama za kukarabati nyasi na vyoo. Klabu hulalamika kwamba inalipa lakini uwanja haurekebishwi. Mwenye uwanja hujibu kwamba mapato hayatoshi kuutunza. Kila upande una chembe ya ukweli, na kila upande hauna motisha ya kuwekeza: mpangaji hajengi katika nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba hana timu inayomlazimisha kujenga.

Gharama ya mvutano huo huwaangukia watazamaji. Msimu wa 2023/24 Coastal Union ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, ikarudi kwenye mashindano ya Afrika baada ya miaka mingi. Ilipangwa na Bravos do Maquis ya Angola. Mchezo wa “nyumbani” ulichezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga. Katika msimu uliofuata wa ligi, baadhi ya mechi za nyumbani zilipelekwa Arusha, ambako uwanja nao ni wa mwenye nyumba yule yule. Mama lishe wa pale Mkwakwani, dereva wa bodaboda na mzee wangu wa Kigombe hawakuwa na kiti katika kikao chochote kilichoamua hayo, ila hasara waliipata.

Wasomaji wasidhani kuwa jambo hili ni la kwetu tu. Coventry City ya Uingereza iliondoka mwaka 2005 katika uwanja wake wa Highfield Road, ilikochezea tangu mwaka 1899, ikawa mpangaji katika uwanja mpya kwa kodi ya zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2012 wamiliki wa klabu, mfuko wa uwekezaji uitwao Sisu, waliacha kulipa. Kesi zikafuatana. Msimu wa 2013/14 timu ilihamia Northampton, na kati ya mwaka 2019 na 2021 ikahamia Birmingham. Uwanja ulibaki bila timu, timu ikabaki bila watazamaji wake. Ugomvi ulizimika kabisa mwaka 2025 tu, klabu ilipounganishwa na uwanja chini ya mmiliki mmoja. Pale waliogombana walikuwa matajiri wenye mawakili. Kwetu mpangaji ni klabu ya wanachama, na mwenye nyumba ni chama kinachoongoza serikali. Uzani hauko sawa.

Haki inanidai niseme pia upande wa pili. Chama kinashikilia hati, kupitia Bodi ya Wadhamini wake. Sheria yetu ya ukomo wa mashauri inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na miaka hiyo imepita zamani. Aidha, viongozi wa klabu zetu hawakujenga walipokuwa na nguvu. Yanga iliuacha Uwanja wa Kaunda pale Jangwani ukizama kwa mafuriko, na Simba kwa miongo mingi haikuwa na hata uwanja wa mazoezi. Kukabidhi Mkwakwani kwa klabu yenye migogoro ya uchaguzi kila baada ya miaka michache kunaweza kuwa njia ya haraka ya kuigeuza kuwa maduka.

Wapo ndani ya chama waliotambua kuwa kuna jambo. Desemba 2017 Mwenyekiti wa wakati huo, Rais John Magufuli, aliunda kamati ya kuhakiki mali za chama chini ya mhadhiri mwenzetu, Dkt. Bashiru Ally, nayo ikakabidhi taarifa Mei 2018. Swali la kamati ile lilikuwa la ndani ya chama: mali zetu ziko wapi, na nani anafaidi? Swali la umma ni jingine: kabla ya kuitwa zetu, zilikuwa za nani?

Sipendekezi kunyang’anyana. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mikataba ya pango kati ya klabu na mwenye uwanja iwe ya miaka mingi na iwekwe wazi, ili klabu iweze kuwekeza. Pili, kila uwanja uwe na bodi ya udhamini yenye chama, halmashauri, klabu na mashabiki, na vitabu vyake vikaguliwe. Tatu, shilingi ya umma isikarabati uwanja wowote kabla umma haujaandikiwa haki yake ndani ya uwanja huo. Hili la tatu nawaelekezea hasa watumishi wa halmashauri, kwa kuwa saini ni zao. Nchi inapojenga viwanja vipya kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027, ni wakati mwafaka wa kusafisha hesabu za vile vya zamani.

Ardhi ya Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sisi wengine wote tuna haki ya kuitumia tu. Nilipomweleza mzee wangu hivyo, alicheka. “Kumbe hata mwenye nyumba ni mpangaji,” akasema. Kisha akaniuliza kama Coastal watacheza Tanga msimu huu, maana nauli ya kwenda mjini bado anaimudu.